Jezi Yenye Jina la Bia: Nivae au Nivue?

SOMO LA JUMA HILI
Mafungu ya kusoma: Danieli 1:3-16, Habakuki 2:15, 1 Wakorintho 8:9-13



Juma lililopita, baada ya ibada ya vijana, kijana mmoja alinifuata nje ya kanisa. Akaniambia, "Pasta, timu yetu imepata mdhamini. Mwenye baa pale sokoni anataka kutununulia jezi na mipira miwili, na atalipa nauli tukienda kucheza ugenini. Lakini jina la bia litakuwa kifuani. Wenzangu wamefurahi sana. Mimi nifanye nini?"

Nilitaka kumjibu palepale, "Kataa!" Lakini nikajiuliza: akikataa, sisi tumempa nini? Nikamwomba anipe wiki moja. Somo hili ndilo jibu langu kwake, na kwetu sote.

JAMBO HILI SI GENI

Pombe na mpira zimetembea pamoja muda mrefu. Hapa Kenya tuna Tusker FC, ambayo zamani iliitwa Kenya Breweries. Kuanzia 2012, ligi kuu yenyewe ilipewa jina la Tusker, hata Gor Mahia ilipotwaa ubingwa 2013 na 2014. Tanzania, mahasimu Simba na Yanga waliwahi kuvaa chapa moja ya bia kifuani, Kilimanjaro. Na wewe shabiki wa Liverpool unakumbuka: kuanzia 1992 hadi 2010 jezi ile nyekundu iliandikwa Carlsberg. Mpaka leo ukizunguka kwenye mitumba siku ya soko, Wote au Kitui mjini, unaweza kuikuta. Mama anamnunulia mtoto wa miaka saba kwa sababu ni nzuri na bei iko chini. Hamnunulii bia. Lakini bia imeshapanda juu ya kifua cha mtoto.

Klabu ikitangaza mdhamini wa namna hii, mashabiki hugawanyika. Wa kwanza anasema, "Pesa ni pesa. Wachezaji wamekaa miezi bila mshahara, wewe unaleta mahubiri!" Tusimcheke. Njaa ya mchezaji ni ya kweli. Wa pili anasema, "Nachoma jezi, mpira nimeuacha kabisa." Wa tatu ananyamaza, anavaa, lakini Jumapili anaiacha nyumbani. Huyo wa tatu ndiye ninayemhurumia zaidi, kwa sababu moyo wake umeshamwambia kitu na hajui afanye nini nacho.

DANIELI ALIKATAA NINI?

Soma Danieli 1 polepole. Danieli hakukataa kila kitu cha Babeli. Alikubali shule ya Babeli. Alikubali kazi ya Babeli. Hata jina la Babeli alipewa, akaitwa Belteshaza. Kuna mahali pamoja tu alipoweka mpaka moyoni: chakula cha mfalme na divai yake. Kwa hiyo ndugu yangu, kuipenda klabu yako si dhambi. Hujaambiwa uache mpira. Umeulizwa mpaka wako uko wapi.

Tena angalia jinsi alivyokataa. Hakutukana, hakupindua meza. Alimwendea msimamizi kwa heshima. Na hakwenda mikono mitupu: alileta pendekezo. Tujaribu siku kumi, tupe mboga na maji, kisha utupime. Kukataa kwake kulikuja na njia nyingine mkononi. Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka. Tunajua kusema hapana, lakini hatuna mboga za kuleta.

Hata nje ya imani yetu wako waliouona mpaka huu. Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi, kipa wa Misri, Mohamed El-Shenawy, alicheza vizuri dhidi ya Uruguay ingawa Misri ilifungwa 1-0. Akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mechi. Tuzo ilikuwa na jina la bia. Yeye ni Mwislamu, akaikataa. Hakuacha kazi ya kudaka mpira. Alikataa kile kikombe tu. Sasa sisi tuliookolewa, je?

NDUGU ALIYE DHAIFU

Mtu atasema, "Pasta, hayo ni maandishi tu juu ya kitambaa. Mimi sinywi." Vyema. Hata Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba chakula chenyewe hakitusogezi kwa Mungu wala kututenga naye. Lakini hakuishia hapo. Aliuliza juu ya ndugu anayekutazama. Uhuru wako usije ukawa jiwe la kumkwaza.

Tuna ndugu kati yetu aliyeacha pombe miezi sita iliyopita. Jina lake Mungu analijua. Anapenda mpira kupita kiasi, na mechi nyingi hapa kwetu zinaonyeshwa ndani ya baa. Aliniambia, "Pasta, kiu hainisumbui nikiwa shambani. Inanisumbua nikiona ile chapa, kwa sababu mwili unakumbuka." Sasa mtu huyo anakuja uwanjani kuwashangilia vijana wa kanisa lake, na vijana kumi na mmoja wanamkimbilia na ile chapa kifuani. Wapendwa, Habakuki alimtangazia ole anayemnywesha jirani yake. Tujihadhari tusiwe mkono unaomkaribishia chupa, hata kama sisi wenyewe hatuonji.

Kitui na Makueni hatuhitaji kusimuliwa habari za pombe. Mei 2014 pombe yenye sumu iliua makumi ya Wakenya, na huku Ukambani pia makaburi yalichimbwa. Ni kweli, ile haikuwa bia ya chapa. Lakini nimewazika wengine walioanza na chupa yenye chapa, na pesa ilipopungua wakashuka hadi kwenye ile isiyo na jina. Hata wazee wetu, kabla Injili haijafika, hawakumpa kijana uki. Ilikuwa ya wazee. Mwaka 2025 serikali ilitoa sera iliyopendekeza umri wa kununua pombe upande kutoka miaka 18 hadi 21. Wazee walikuwa wameshaona.

DENI LETU KAMA KANISA

Basi nimjibu nini yule kijana? Nimwambie akatae, halafu wacheze miguu mitupu na mpira wa makaratasi? Hebu tuseme ukweli: mwenye baa aliwaona vijana wetu kabla sisi hatujawaona. Alijua wanahitaji nauli. Sisi tulijua tu kuwauliza kwa nini hawaji maombi ya asubuhi.

Tukiwa washirika 200, na kila mmoja akatoa shilingi 150, hiyo ni shilingi 30,000. Jezi za kawaida na mpira vinaweza kuanzia hapo. Kikapu kitakuwa mlangoni Jumapili hii. Na kijana atamwendea mwenye baa kwa adabu, amshukuru, amwambie, "Mzee, tumepata njia nyingine. Karibu uje utushangilie." Maana huyo naye Kristo alimfia.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Danieli alikubali nini Babeli, na alikataa nini? Mpaka wako wewe uko wapi?
2. Ni nani karibu nawe anayepigana na pombe? Nguo, simu au maneno yako yanamsaidia au yanamvuta nyuma?
3. Mechi kubwa ikija, tunaweza kuitazama wapi pamoja mbali na baa? Nani ana televisheni na sebule?

OMBI

Baba, tusamehe kwa kusema hapana bila kunyoosha mkono. Mshike ndugu yetu aliyeacha pombe. Wape vijana wetu moyo wa Danieli, nasi utupe mboga za kuwaletea. Katika jina la Yesu, Amina.