Chakula cha Ndagala

Siku ya soko, mama hupima samaki wadogo wakavu kwa kikombe. Mtoto wa Walikale hupenda kuwala pamoja na ugali. Lakini je, samaki huyu naye alikula nini?

Ndagala ni samaki wa Ziwa Tanganyika, linaloanza Uvira na kufika mpaka Zambia. Mwaka 1959 watoto wa ndagala walitolewa huko, wakatiwa katika Ziwa Kivu. Hao ndio sambaza wa Goma na Bukavu.

Ndagala hula vijidudu vya maji, vidogo kuliko punje ya mtama. Vijidudu hivyo hula mimea midogo zaidi, inayoelea majini. Mtu hawezi kuiona bila hadubini. Mimea hiyo na vijidudu hivyo, kwa pamoja, huitwa planktoni. Mikebuka, samaki mkubwa, hula ndagala. Mtu huwala wote wawili.

Mimea ya ziwa hutaka jua na mbolea, kama mimea ya shamba. Lakini jua liko juu, na mbolea iko chini, maana vitu vinavyokufa huzama na kuoza vilindini. Na Tanganyika ina kina cha meta 1,470! Nani ataipandisha mbolea?

Upepo. Tangu Mei hata Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu, na maji ya chini hupanda pamoja na mbolea. Ndivyo mama anavyokoroga sombe, ili kilichokaa chini ya chungu kije juu.

Sasa sikilizeni shida iliyoingia. Mtoto akisimama katika maji yaliyotulia wakati wa jua kali, kifua husikia joto na miguu husikia baridi. Maji ya joto ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu kama kifuniko. Watu wanachoma makaa ya mawe na petroli kwa wingi, na hewa itokayo humo inazidisha joto la dunia. Maji ya juu ya ziwa yamepata joto zaidi, na upepo hauwezi tena kukoroga kama zamani. Mbolea inabaki chini.

Wataalamu walipima matope ya chini ya ziwa, yaliyolala tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Mwaka 2003 walitangaza kwamba mimea midogo ya Tanganyika ilikuwa imepungua kadiri ya asilimia 20. Mimea ikipungua, vijidudu hupungua. Vijidudu vikipungua, ndagala hupungua. Nao wavuvi wamezidi, na wengine hutumia nyavu za matundu madogo mno. Basi mvuvi hukesha na taa zake usiku kucha, na asubuhi mtumbwi ni mwepesi. Nyumbani watoto wanangoja.

Hata mbali sana, katika bahari ya ncha ya kaskazini, mambo ni hivyo. Huko maji ya bahari hugeuka barafu, kama ile ya kilele cha Ruwenzori. Mimea midogo huota chini ya barafu hiyo. Vijidudu huila, samaki hula vijidudu, sili hula samaki, na dubu mweupe hula sili. Barafu ikiyeyuka mapema, mimea hiyo hukosa mahali pa kuota, na wote wanaoitegemea huona njaa.

Mvuvi peke yake hawezi kupoza ziwa. Lakini aweza kuwaacha samaki wazae. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hata 15 Agosti. Kungoja ni kuchungu, lakini anayekula mbegu zote hatavuna.

Maswali
1. Planktoni ni nini?
2. Kwa nini mbolea ya ziwa hukaa chini?
3. Upepo wa kusini hufanya kazi gani?
4. Eleza: mimea midogo ikipungua, kwa nini mtu hukosa samaki?