Oili ya Giaboksi: Wakati na Namna ya Kuibadilisha, na Tatizo la Neno "Mafuta"

Makala haya yanajadili mambo mawili yanayoingiliana: ubadilishaji wa oili ya giaboksi katika gari, na lugha ya kuueleza. Wanafunzi wa istilahi aghalabu hukutana na maneno ya ufundi katika orodha tu. Ni nadra maneno hayo kupimwa chini ya gari lenyewe.

Neno "mafuta" lina uga mpana wa maana. Ni yale yanayokaangiwa, yanayopakwa mwilini, yanayotiwa katika taa na yanayochomwa na injini. Dereva wa Kenya aingiapo katika kituo cha petroli akasema "Weka mafuta", haulizwi ila kiasi cha pesa. Basi mwongozo unaoagiza "badilisha mafuta ya gari" haujasema jambo. Gereji zimekwisha kulitatua tatizo hili: mafuta huchomwa, oili hulainisha. Yafaa wasomi waufuate mgao huo badala ya kuubeza kwa kuwa neno "oili" limetoka Kiingereza. Gia, breki na klachi pia zimetoka huko.

Hata hivyo, "oili" peke yake haitoshi. Oili ya injini si ya giaboksi, na ya giaboksi ya kawaida si ya otomatiki. Ya otomatiki huandikwa ATF chupani na kwa kawaida hutiwa rangi nyekundu. Giaboksi za CVT, zinazotumia mkanda au mnyororo wa chuma badala ya gia za ngazi, zina oili yake mahususi. Atakayetia ATF ya kawaida humo aweza kuiharibu giaboksi nzima, nayo bei yake si ya kufanyiwa mzaha.

Kuhusu wakati, watengenezaji wengi hutaja kati ya kilomita 50,000 na 100,000 kwa giaboksi za otomatiki. Gari linalovuta mizigo mizito au kushinda katika foleni huhitaji mapema zaidi. Kauli ya mwisho ni ya kitabu cha gari. Lakini magari mengi nchini Kenya yameletwa yakiwa yametumika Japani, na kitabu, kikiwapo, huwa cha Kijapani. Hapo ndipo dalili husaidia: oili iliyogeuka kahawia iliyokoza au nyeusi, harufu ya kuungua, gia inayochelewa kuingia au inayoingia kwa kishindo.

Kazi yenyewe hufanywa gari likiwa limeendeshwa kidogo ili oili ipate joto na kutiririka, ila isiwe ya kumchoma fundi. Gari husimamishwa mahali tambarare, magurudumu yakazuiwa, na likiinuliwa lisiachiwe jeki pekee. Kwa giaboksi yenye nati ya kujazia ubavuni, nati hiyo hufunguliwa kabla ya ile ya kumwagia. Ikiwa imeshika kutu na oili imekwisha kumwagwa, gari halitoki hapo.

Mpangilio huu una funzo la sarufi. Sentensi "Fungua nati ya kumwagia baada ya kufungua ya kujazia" ni sanifu, lakini hutanguliza tendo la pili. Fundi anayesomewa akiwa na spana mkononi amekwisha kuanza. Afadhali: "Fungua kwanza nati ya kujazia, ukishaifungua, ndipo ufungue ya kumwagia." Lugha ya maagizo haina budi kufuata mkono.

Katika otomatiki, oili yote haitoki kwa kumwagwa mara moja. Sehemu kubwa husalia katika kifaa kinachopitisha nguvu kutoka injini hadi gia. Kwa hiyo iliyotoka hupimwa, na kiasi kile kile kurudishwa. Sumaku iliyomo ndani ya karai la giaboksi huchunguzwa: unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, vipande ni habari mbaya.

Mwisho ni kupima kina kwa kijiti, giaboksi inapokuwa nacho. Hapa tena neno moja laweza kupotosha. Otomatiki nyingi hupimwa injini ikinguruma na oili ikiwa na joto; chache hupimwa injini ikiwa imezimwa. Anayeandika "pima injini ikiwa moto" ametaja joto tu, hakusema kama inanguruma. Msomaji aliyeizima hupata kipimo cha uongo, akaongeza au kupunguza oili isiyopaswa kuguswa.