Bogenvilia Iliyoshiba Haichanui

Lalamiko ni lile lile, kuanzia Cheptais sokoni hadi Chesikaki, hapa Mlima Elgon: mtu ameshuka Kitale au Bungoma, akanunua mche wa bogenvilia kando ya barabara ukiwa umejaa rangi, akaupanda mbele ya nyumba kwa samadi nzuri, akaumwagilia bila kukosa, na mwaka mzima haukumpa ila majani. Matawi yanapanda hadi juu ya mabati, miiba inawachoma watoto, rangi hakuna. Mwenye boma huamua kwamba ameuziwa mche mbovu, au kwamba udongo wetu haufai maua. Mimi nashikilia kinyume chake. Mche ni mzima na udongo wetu ni mzuri kupita kiasi. Kosa ni la mashauri yanayotolewa pamoja na mche: mwagilia asubuhi na jioni, ongeza mbolea kila mwezi. Nitaeleza namna ya kuufanya uchanue, lakini hatua zenyewe ni chache. Kinachomshinda mtu ni kukubali sababu yake.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya ule mfuko mweusi wa plastiki. Kwenye nasari ya barabarani bogenvilia hukaa ndani ya mfuko mdogo kuliko mizizi yake, juani kutwa nzima, na maji huyapata pale muuzaji anapokumbuka. Mizizi imeuzunguka mfuko hadi haina pa kwenda. Hali hiyo ndiyo iliyouvika mche rangi. Mnunuzi akiona maua hudhani anaona matunzo, kumbe anaona dhiki. Akiupasua mfuko na kuuweka mche katika shimo la futi mbili lililojaa samadi ya ng'ombe, amekwisha kuuondolea kila kilichokuwa kikiusukuma kuchanua. Nawalaumu wauzaji kwa hili, kwa sababu mashauri wanayompa mteja hawayafuati wao wenyewe. Laiti mteja angetazama jinsi muuzaji anavyoishi na miche yake kuliko kusikiliza anachosema, angerudi nyumbani na somo sahihi.

Ushahidi wa pili uko kwenye tawi. Shika chipukizi refu lililokulia kivulini, utazame pale jani linapoungana na tawi. Kwenye kwapa la kila jani utakuta mwiba mgumu uliopinda kidogo. Kisha shika tawi la mmea ule ule upande unaochomwa na jua. Mahali pale pale penye kwapa, badala ya mwiba utakuta kijiti laini kilichogawanyika nchani, na kwenye ncha zake vitumba vidogo vyenye rangi iliyoanza kuchungulia. Mwiba na kikonyo cha ua ni kiungo kimoja. Kichipukizi hicho hicho huwa mwiba mmea ukiwa na maji tele na mwanga haba, na huwa shada la maua mmea ukipata jua kali na kubanwa kidogo. Basi ukiona mmea wako umejaa miiba, unajua umelishwaje. Na ile rangi tunayoisifu ni ya majani matatu membamba yanayofunika viua vitatu vyeupe. Kwapa la jani haliwezi kuyatoa likitengeneza mwiba.

Kwa nini uwe hivyo? Kwao ni Amerika Kusini. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea katika msafara wa Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, aliukusanya Rio de Janeiro mwaka 1767, na jina la mkuu wa msafara likabaki kwenye mmea. Mmea huu huchanua kwa kushtuliwa na msimu. Maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya watu wa Florida au California, ambako mchana wa majira ya baridi ni mfupi, na ufupi huo nao huuhimiza mmea kuchanua. Cheptais iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Mchana wetu ni wa takriban saa 12, iwe Januari au Julai. Kilichobaki cha kuushtua mmea ni ukavu, na ukavu ndio tunaoukosa: mvua huanza Machi, huendelea hadi Novemba, na hunyesha juu ya udongo wenye rutuba ya volkano ya zamani. Malindi na Lamu bogenvilia hujaa rangi miezi ya kaskazi, wakati mvua imeadimika, kwenye ardhi ya matumbawe isiyoshika maji. Watu wa pwani hawatuzidi bidii. Wana kiangazi kirefu zaidi na ardhi maskini zaidi.

Mkulima yeyote wa kahawa hapa kwetu anaijua kanuni hii, ila hajaileta uani. Mkahawa hutunga vitumba vya maua, vitumba vikalala wakati wa kiangazi, na mvua ya kwanza baada ya ukame ndiyo inayovifungua, shamba zima likawa jeupe kwa siku chache. Mwaka usio na ukame wa kutosha maua hutoka kidogo kidogo, na mavuno nayo huchelewa huku na kuwahi kule. Maharagwe nayo yanasema hivyo hivyo: anayeyamiminia mbolea ya CAN huvuna majani. Hakuna anayewaita wakulima hawa wakatili kwa mikahawa yao.

Hila yenyewe, basi, ni kuutengenezea mmea kiangazi katikati ya mvua, na nyumba ya mabati inatosha kwa kazi hiyo. Hapa mteremkoni mwa Mlima Elgon asubuhi nyingi za msimu wa mvua huwa na jua, na mvua huja alasiri. Upande wa nyumba unaotazama mashariki, chini ya ukingo wa paa, hupata jua la asubuhi bila kupata maji ya alasiri, mradi chombo kikae ndani ya mstari wa matone. Hapo ndipo pa kuiweka bogenvilia, ikiwa ndani ya debe au mtungi wa lita 20 uliokatwa juu, wenye matundu ya msumari chini, ukiinuliwa juu ya matofali mawili ili maji yasituame. Pawe mahali panapopata jua kwa muda wa saa tano hivi. Ukuta wenye mparachichi mbele yake haufai. Changanya udongo mwekundu na mchanga wa ujenzi nusu kwa nusu, na samadi iliyooza kabisa kiasi cha viganja viwili, basi.

Mpangilio wa kazi ndio unaowashinda wengi. Bogenvilia huchanulia machipukizi mapya, kwa hiyo kufunga maji kwenye matawi marefu ya zamani ni kuutesa mmea bure. Kwanza pogoa: punguza kila tawi refu theluthi yake. Endelea kumwagilia kwa kiasi hadi machipukizi yafikie urefu wa kiganja, kisha bana ncha zake kwa kucha ili yatawanyike. Sasa ndipo funga maji. Usiyarudishe hadi majani yalegee mchana na yakose kuinuka jioni. Siku hiyo mwagilia hadi maji yatoke matunduni, halafu acha tena hadi yalegee. Rudia mara mbili au tatu huku ukichunguza makwapa ya majani. Ukiona vijiti vilivyogawanyika mahali pa miiba, umefaulu. Rangi ikishaanza, rudisha maji ya wastani, maana mmea unaokaukiwa wakati huo huangusha kila ulichokitoa.

Najua mapingamizi yanayofuata. Wapo watakaonyoosha kidole kwenye bogenvilia kongwe za makanisani na shuleni, zilizopandwa ardhini, hazina debe wala upenu, na bado huchanua. Nazo nitazitumia kuthibitisha hoja yangu. Nyingi zimebanwa kati ya msingi wa mawe na ardhi iliyokanyagwa na miguu ya watu wengi, mikaratusi inazinyang'anya maji, hakuna aliyezipelekea samadi kwa miaka, na rangi yao nzito huonekana katika miezi mikavu ya Desemba hadi Februari. Wapo pia watakaouliza kama maua yote yanyimwe. Hapana, na hapa lazima nisisitize. Dalia, kana na waridi ni walaji: yape samadi na maji, yatakulipa. Shida ni kwamba tumeichukua kanuni ya waridi tukaitandaza uani kote, na bogenvilia ndiyo iliyoathirika zaidi, kwa sababu ndiyo inayopendwa zaidi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mzee anayesema ua si chakula, na shamba ni dogo. Namheshimu, lakini namjibu kwamba debe chini ya paa halichukui hata mstari mmoja wa mahindi, na bogenvilia ikipandwa kwenye mpaka, miiba yake huzuia mbuzi bila gharama ya waya. Zaidi ya hapo, Cheptais ilipitia miaka ya 2006 hadi 2008 ya mapigano ya ardhi, na maboma mengi yaliachwa matupu. Mama anayepanda leo mmea utakaoishi miaka mingi mlangoni pake anafanya jambo kubwa, na inaniuma akipewa mashauri yatakayomwachia miiba mitupu.

Kuhusu kununua, nitasema machache. Usinunue mche usio na rangi kwa ahadi ya mdomo, hata muuzaji akiapa kwamba ni wa rangi ya chungwa. Majani mabichi hufanana, na walio waaminifu hawatakasirika ukisema utarudi mche utakapochanua. Usilipe zaidi kwa ajili ya urefu, kwa sababu urefu huo utaukata. Safari ya matatu kutoka Kitale hutikisa miche vibaya, na mizizi ya bogenvilia hukatika upesi, hivyo ushike mfuko kwa chini, si kwa shina. Ukifika nyumbani usiung'oe: pasua mfuko ubavuni kwa wembe, uingize mche debeni na donge lake zima la udongo. Mwaka wa kwanza uupe maji kila udongo wa juu unapokauka, hata kama haukupi rangi yoyote, hadi mizizi ilijaze debe. Kufunga maji kunaanza mwaka wa pili.