Uangalifu wa Aina Ngapi? Maneno ya Kijerumani katika Kiingereza na Kivietinamu

Mwanafunzi wa tafsiri hufundishwa mapema kwamba visawe kamili ni adimu, na aghalabu hulikubali dai hilo kabla ya kulijaribu. Maneno matatu ya Kijerumani, yaani "vorsichtig", "sorgfältig" na "behutsam", yanatosha kumwonyesha ugumu wenyewe, kwa kuwa yote huweza kutafsiriwa kwa neno moja la Kiingereza, "careful".

"Vorsichtig" limejengwa kwa "vor", mbele, na "Sicht", mwono. Mwenye sifa hiyo huiona hatari kabla haijamfika. Nomino yake, "Vorsicht", huandikwa kwenye vibao vya kuonya juu ya mbwa mkali. Hapo mfasiri hasumbuki: Kiingereza kina "beware", Kivietinamu kina "coi chừng". Iwapo anayesifiwa ni mtu apimaye uamuzi wake, Kivietinamu huteua "thận trọng", neno lenye asili ya Kichina.

"Sorgfältig" halitaji hatari. Hulenga ubora wa kazi. Kiingereza hakitofautishi: dereva ni "careful" na fundi pia ni "careful". "Cẩn thận" la Kivietinamu nalo hubeba maana zote mbili. Hata hivyo, lugha hiyo ina "kỹ", neno fupi litumikalo katika agizo la kawaida kwamba maelezo ya dawa yasomwe vyema kabla ya matumizi. Mfasiri akiweka "coi chừng" hapo, mgonjwa atadhani karatasi yenyewe ndiyo hatari!

Kikwazo kikubwa ni "behutsam". Shina lake ni "Hut" lenye maana ya ulinzi (si lile la kofia, ingawa huandikwa vivyo hivyo). Mama amlazaye mtoto aliyesinzia hufanya hivyo "behutsam". Akipewa "cautiously", anageuka mwoga. Akipewa "gently", upole unabaki lakini ulinzi unapotea. "Nhẹ nhàng" la Kivietinamu lina hasara iyo hiyo, maana "nhẹ" ni wepesi, kinyume cha uzito. Nida (1964) alisisitiza mwitiko wa mpokeaji wa ujumbe. Kwa kigezo hicho, "gently" na "nhẹ nhàng" yanafaa zaidi, mradi dhana ya ulinzi ibebwe na maneno mengine katika sentensi. Kiswahili nacho, kwa "uangalifu" litokanalo na kuangalia, kimekaribiana na "vorsichtig". Ila mama yule hangemlaza mwanawe "kwa uangalifu" tu, bali "taratibu".