Tetekuwanga Imebisha Hodi? Vidokezo 9 vya Kumpoza Mtoto

Umemvua mtoto fulana umwogeshe, ukaona vipele vitatu kifuani. Kufika jioni vimejaa mgongoni, vingine vimeshafanya malengelenge. Pole mamangu, na baba pia! Mtoto mwenye afya njema hupona tetekuwanga bila matata, kwa wiki moja au mbili hivi. Kazi yako ni kumpunguzia mwasho, na huku kwetu Likoni, Kisauni na Changamwe, mwasho huchochewa na joto. Kwa hiyo tunaanza na joto.

1. Blanketi irudi kabatini
Bibi atakwambia umfunike mtoto gubigubi ili upele utoke wote. Mwamkie bibi kwa heshima, mpe chai, halafu mfunue mtoto. Jasho huzidisha mwasho. Leso kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikalainika, inatosha kabisa. Mlaze penye upepo na usisahau chandarua, maana huyu hahitaji mbu wa kumwongezea vipele!

2. Beseni moja latosha
Tunajua bei ya mtungi wa maji mifereji ikikauka, kwa hiyo hatukwambii ujaze pipa. Chota maji ya uvuguvugu au ya ubaridi wa wastani, mkalishe mtoto dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku. Weka kando dodoki na sabuni kali. Kama maji yenu ni ya kisima cha chumvi, msuuze mwisho kwa maji matamu, kwani chumvi huchoma vipele vilivyopasuka. Una oti jikoni? Zisage, zifunge kwenye kitambaa safi, kisha kamulia beseni mpaka maji yawe kama maziwa. Hutuliza ngozi vizuri sana. Ukimaliza mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, usimsugue.

3. Kucha kwanza, mengine baadaye
Makovu mengi hutokana na kujikuna. Kata kucha leo hii, zioshe kwa sabuni kila mara, na mtoto mchanga mvishe soksi mikononi usiku. Mkubwa kidogo mfundishe kubonyeza panapowasha kwa kitambaa kilicholowa maji baridi badala ya kukwaruza. Vigaga viache vidondoke vyenyewe. Madoa meusi yatakayobaki mara nyingi hufifia baada ya miezi kadhaa.

4. Ile chupa ya waridi
Losheni ya kalamini hupatikana kwa kemisti, na haina gharama kubwa. Itikise, paka kwa pamba kwenye vipele, epuka macho na ndani ya mdomo. Mtoto akikesha kwa mwasho, muulize mfamasia dawa ya mzio inayoleta usingizi na kipimo cha umri wake. Usikisie kwa kijiko cha chai!

5. Mwarobaini, nje tu
Majani yake kwenye maji ya kuoga yana wapenzi wengi Pwani, na hatutagombana nao, mradi maji yamepoa na majani ni masafi. Kumnywesha mtoto, hapana. Mafuta ya mwarobaini hasa yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo waliopewa wanywe.

6. Homa ni ya parasetamoli
Hapa tafadhali simama kidogo. Mtoto mwenye tetekuwanga asipewe aspirini kamwe: huweza kuleta ugonjwa adimu unaoshambulia ini na ubongo. Hatari imejificha kwenye vidonge vya maumivu vya dukani, vingine vina aspirini ndani na jina la mbele halisemi. Soma nyuma ya pakiti au uliza. Ibuprofeni nayo iache, ila daktari akisema, kwa sababu imehusishwa na maambukizi makali ya ngozi. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, basi.

7. Mabuyu yasubiri
Vipele hutoka hata mdomoni, ndiyo maana chakula kimemshinda. Achari, ndimu, pilipili na mabuyu vitamliza. Mpe dafu lililopoa, uji usio moto, mtindi, ndizi mbivu. Asipokula sana si neno, bora anywe.

8. Jirani ana mimba?
Tetekuwanga huambukiza kuanzia siku moja au mbili kabla ya upele mpaka vipele vyote vikauke, kwa kawaida siku 5 hadi 7 tangu upele utoke. Shule, madrasa, matatu na feri vingoje. Kwenye nyumba za vyumba, choo kimoja na ukumbi mmoja, waambie wapangaji wenzako bila haya. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua, mtoto mchanga na mtu mwenye kinga dhaifu wasimkaribie mgonjwa, na wakishakutana naye waende kituo cha afya mara moja. Chanjo ipo, ila haimo katika ratiba ya kawaida ya serikali, hivyo ulizia hospitali za kibinafsi. Ikichomwa ndani ya siku 3 baada ya kukutana na mgonjwa, inaweza bado kumkinga mtu, lakini mjamzito hachanjwi.

9. Hapa usingoje asubuhi
Akipumua kwa shida, shingo ikikakamaa, akichanganyikiwa, akitapika mfululizo, homa ikipita siku 4, au ngozi ikiwa nyekundu, moto na yenye usaha, mpeleke. Wa Likoni ana hospitali yake ya kaunti ndogo bila kuvuka feri, na wa Changamwe ana Port Reitz. Mtu mzima akiugua aende mapema hata bila dalili hizo, kwani tetekuwanga humkamata vikali, na dawa ya asikloviri hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 24 tangu upele utoke. Na tangu mpox, ugonjwa mwingine wa upele, ithibitishwe Kenya Julai 2024, huko Taita Taveta, upele wowote unatia hofu. Tetekuwanga huchanganya vipele vipya, malengelenge na vigaga kwa pamoja, zaidi kifuani na mgongoni. Vikiwa vya rika moja, vimejaa viganjani na nyayoni, na matezi yamevimba, apimwe. Ukifika hospitali, taja ugonjwa mlangoni, ili asikalishwe benchi moja na akina mama wa kliniki ya wajawazito.