Nirudi kwa majaji walionikata?

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 19, naishi Mwanza. Mwaka jana nilijitokeza kwenye usaili wa shindano la kusaka vipaji linaloonyeshwa kwenye runinga. Nilipofika kwenye kiitikio sauti ikanikatikia, majaji wakanisimamisha. Kipande kile kikarushwa, na mpaka leo nikipita kijiweni vijana wananiigiza. Usaili unakuja tena. Nataka nirudi na wimbo uleule niwaonyeshe. Mama anasema fedheha moja inatosha. Nifanyeje?
Binti wa Mwanza

Marahaba, mwanangu. Nenda, ila wimbo ule uache nyumbani.

Ukirudi nao utakuwa unawaimbia vijana wa kijiweni, na wao si majaji. Halafu kwa ulivyoeleza, naona ulianza juu mno. Usaili hauna bendi. Ni wewe na sauti yako. Woga unakufanya uanze juu kuliko mazoezini bila kujua, ubeti unapita salama, kiitikio kinakuja kukudai usichonacho. Tafuta mpiga kinanda, hata wa kwaya ya mtaani kwenu, akupimie sauti yako inaishia wapi, ndipo uchague wimbo. Siku yenyewe, kabla hujaitwa, iimbe kimyakimya ile noti ya juu kabisa ya kiitikio. Ikikubana, anzia chini zaidi. Na usishindane kuimba na wenzako kwenye foleni. Wengi huimaliza sauti palepale nje.

Wapo waliorudi. Liam Payne wa Uingereza aliingia The X Factor mwaka 2008 akiwa na miaka 14, akatolewa, jaji Simon Cowell akamwambia arudi baada ya miaka miwili. Akarudi 2010, akaunganishwa na wenzake wanne wakawa kundi la One Direction. Na wala hawakushinda, walishika nafasi ya tatu! Hapa kwetu Peter Msechu alikuwa wa pili Bongo Star Search 2009, mwaka uliofuata akaenda shindano la Tusker Project Fame kule Nairobi, akawa wa pili tena. Nani leo anamuuliza kombe liko wapi?

Mama yako simlaumu. Wewe ulichekwa kijiweni, yeye huenda amechekwa sokoni na hakukwambia. Usimwendee na habari kwamba umeshaamua. Mwimbie huo wimbo mpya mpaka mwisho, kisha mwombe baraka. Kwa umri wako hakuna wa kukufunga kamba, lakini kutoroka nyumbani kwa ajili ya usaili sikushauri hata kidogo.

Mwisho, fomu ya ushiriki isome yote kabla ya kusaini. Kwa kawaida unawaruhusu warushe picha zako hata ukiharibu, na kipande cha mwanzo hakitafutika kwa sababu umerudi. Kama hilo bado linakukosesha usingizi, mwaka huu pumzika, ujitokeze mwakani.