Zimeni Moto Kabla ya Kulala: Somo la Sufuria ya Maharage



Shukrani zote ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ndugu yangu mwanafunzi, somo la toleo hili nimelipata chumbani kwetu, hapa Kikoni, usiku wa mvua, mbele ya sufuria ya maharage iliyoungua. Linahusu hadithi ambayo wengi wetu tuliisoma madrasa tukiwa wadogo. Mimi niliihifadhi Tanga nikiwa na miaka 10. Nilikuja kuielewa nikiwa chuo kikuu, baada ya kuivunja.

Usiku wenyewe

Tulikuwa watatu katika chumba kimoja cha kupanga: mimi, mwenzetu wa Arua na mwenzetu wa Goma. Mnaoijua Kikoni mnajua vyumba vyake. Ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na kila mtu hupikia sigiri yake nje ya mlango. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni mama wa makamo tunayemwita Nalongo, kwa kuwa amezaa pacha. Yeye si Mwislamu. Sufuria yetu kubwa ilikuwa imetoboka, hivyo Jumapili ile jioni tulikwenda kwake tukaazima ya kwake.

Tulinuia kufunga Jumatatu, na maharage yale yalikuwa ya daku. Hatukuyaloweka. Tuliyateleka baada ya Isha, na saa nne usiku yalikuwa bado magumu kama kokoto. Mvua ikaanza. Nikaiingiza sigiri ndani. Mkaa ulikuwa umekolea, mwekundu, hautoi moshi hata kidogo, nami nikasema moyoni, "Hakuna moshi, basi hakuna neno." Nikafunga mlango, nikafunga na dirisha kwa sababu ya mvua na mbu. Wenzangu wakalala. Tulikubaliana mimi nibaki macho, lakini usingizi ulinichukua kitabu kikiwa kifuani.

Kilichotuamsha ni mlango. Nalongo alikuwa akiupiga kwa mchi. Alisikia harufu ya maharage yakiungua ikipita kwenye uwazi wa juu ya ukuta, akatuita kwa majina, hakuitikiwa. Niliposimama magoti hayakunibeba, nikatambaa mpaka kwenye komeo. Mwenzetu wa Goma alifika barazani akatapika. Wa Arua hakuamka. Nalongo na mwanawe walimburuta nje, mvua ikampiga usoni, na ilichukua muda ndipo akafumbua macho. Tulimpeleka hospitali kwa gari la mpangaji mwingine, akawekewa oksijeni mpaka asubuhi. Alhamdulillah, leo ni mzima, na ameisoma makala hii akaniruhusu nieleze.

Nia yetu ilikuwa njema: daku, na saumu ya sunna. Lakini katika njia ya kuiendea sunna hiyo tuliiacha sunna nyingine ambayo ingetulinda.

Hadithi tuliyoijua bila kuijua

Katika Sahih al-Bukhari na Sahih Muslim, Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) anasimulia kuwa nyumba moja ya Madina iliteketea usiku pamoja na waliokuwamo. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa habari hiyo, alifundisha kwamba moto ni adui kwa watu, na akaamuru uzimwe wanapokwenda kulala. Ibn Umar (r.a.) naye amepokea katazo la kuuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala. Na katika hadithi ya Jabir (r.a.) imetajwa sababu mojawapo: panya anaweza kuuburuta utambi wa taa akawaunguza wenye nyumba.

Mimi madrasa nilielewa kwamba hadithi hii ni ya taa za zamani. Chumbani tuna balbu, kwa hiyo nikadhani imenipita. Hapo ndipo nilipokosea. Imam an-Nawawi, alipoisherehesha hadithi hii, alieleza kwamba katazo linaingia katika moto wa taa na moto mwingine wowote. Akaongeza kwamba taa zilizotundikwa, kama zile za misikitini, zikiwa hazihofiwi kuleta moto, hazina ubaya, kwa kuwa sababu ya katazo imeondoka.

Ukilitazama jambo kwa sababu yake, utaona balbu imetoka katika katazo na sigiri ya mkaa imebaki ndani, tena mbele kabisa. Sigiri haina utambi wa kuburutwa na panya. Ina hatari nyingine, nayo haionekani kwa macho.

Kwa nini mkaa usio na moshi unaua

Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Ikiingia mapafuni hujishika na hemoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni katika damu, na hushikana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inaendelea kuzunguka, lakini mwili unakosa oksijeni.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliye macho anaweza kuzitambua akatoka. Aliyelala hazimwamshi, bali anazidi kuzama. Mkaa mwekundu usio na moshi, ule ambao mimi niliuona salama, hutoa gesi hiyo vilevile. Kilichotuokoa, baada ya Allah, ni maharage kuungua. Kama tungetia maji mengi zaidi, Nalongo asingesikia harufu yoyote.

Ukimkuta mtu katika hali ile, fungua mlango na madirisha, mtoe kwenye hewa safi haraka, kisha mpeleke hospitali hata kama amezinduka na anasema yuko sawa.

Maharage yanaivishwa na joto

Sasa utaniuliza: maharage yanachukua saa mbili au tatu, vipindi vinaisha jioni, tufanye nini? Swali hilo ni la haki. Anayeambiwa azime moto anahitaji pia njia ya kula.

Bi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akaeleza kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake. Katika mapokezi mengine ametaja kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Kwa hiyo kazi ya mikono ya nyumbani haimpunguzii msomi heshima. Wiki ile ile tulikaa chini tukatengeneza kikapu cha kupikia.

Hesabu yake ni hii. Moto ukishayachemsha maji, sehemu kubwa ya mkaa unaoendelea kuwaka inafidia tu joto linalopotea hewani. Joto hilo likizuiwa lisitoke, chakula kinaendelea kuiva chenyewe bila moto. Hapa Kampala, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100 za kwetu pwani. Ndiyo maana maharage ya hapa yalinishinda mwanzoni.

Kukitengeneza:

1. Tafuta kikapu kirefu au boksi gumu la katoni, pana kuliko sufuria yako kiasi cha kubaki nafasi ya sentimita 10 kila upande.
2. Jaza chini na pembeni vitu vikavu vinavyozuia joto: majani makavu ya migomba, blanketi kuukuu, nguo zilizochakaa au magazeti yaliyofinyangwa. Shindilia, ila acha shimo la umbo la sufuria katikati.
3. Tandika kitambaa safi juu ya hayo yote, ukishonee kwenye ukingo wa kikapu.
4. Shona mto mnene wa kufunika juu, ujae vitu vilevile. Joto hupanda, kwa hiyo usiufanyie ubahili mto huu.

Kukitumia kwa maharage:

1. Loweka maharage tangu usiku uliotangulia, kisha mwaga maji yale.
2. Yachemshe kwa nguvu dakika 30 sufuria ikiwa imefunikwa. Usipunguze. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ambayo huondolewa na mchemko wa kweli, na joto dogo haliiondoi.
3. Sufuria ijae angalau theluthi mbili, kwa sababu chakula kidogo hupoa upesi. Ihamishe ikiwa bado inatokota, usifunue, ifunike kwa mto.
4. Iache saa tatu hadi nne. Kisha itoe, unga na kitunguu na nyanya, chemsha tena, mle.
5. Usiiache kikapuni mpaka asubuhi. Chakula kikishakuwa vuguvugu huanza kuharibika.

Wali ni rahisi zaidi: chemsha dakika tano, weka kikapuni dakika 45, na punguza maji kidogo, maana hakuna mvuke unaopotea.

Tuko karibu na ikweta, na nyakati za sala hazibadiliki sana mwaka mzima. Basi tumeifunga ratiba yetu kwenye sala. Baada ya Alasiri aliye zamu anateleka nje ya mlango. Sufuria ikiingia kikapuni, anachukua makaa yaliyobaki kwa koleo na kuyatia katika kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, nje kabisa. Yanakosa hewa, yanazima, na kesho yanatumika tena. Tunakwenda Maghrib, tunakaa darsa, tunasali Isha, tunarudi maharage yameiva. Tunaunga kwa moto mdogo nje, na makaa yanarudi koponi. Daku tunaipasha alfajiri, vilevile nje ya mlango, na mvua ikinyesha tunakula mkate na ndizi. Sigiri haivuki kizingiti tena.

Sufuria ya Nalongo

Limebaki jambo moja. Sufuria iliyoungua ilikuwa ya watu. Chini yake palishika weusi usiosuguliwa ukatoka.

Surat Al-Ma'un inaishia kwa kuwalaumu wanaozuia vitu vidogo vya msaada. Ibn Mas'ud (r.a.) alivifasiri kuwa ni vile watu wanavyoazimana, kama vile sufuria, ndoo na shoka. Niliisoma sura hii katika sala zangu kwa miaka mingi, na katika jengo letu aliyekuwa akiitekeleza ni jirani asiyeisoma. Sisi tulioisoma tulimrudishia chombo kibovu.

Kitu cha kuazima ni amana, na ukikiharibu kwa uzembe utakilipa. Tulichanga watatu kwa wiki tano tukamnunulia sufuria ya ukubwa uleule. Alitaka kuikataa, akasema uhai wetu unatosha. Tukamwambia dini yetu haituruhusu tubaki na deni lake, ndipo akaipokea. Siku iliyofuata alitugongea tena, safari hii kwa kidole, akauliza kile kikapu kinatengenezwaje. Tukamtengenezea chake.

Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba akipika mchuzi aongeze maji yake na awakumbuke majirani. Hadithi hiyo iko katika Sahih Muslim. Zamani niliiona ni hadithi ya wenye uwezo. Sasa naiona inatufaa hasa sisi wa chumba kimoja, kwa kuwa kinachotakiwa kuongezwa ni maji tu. Na jirani unayempelekea bakuli mara kwa mara anaijua sauti yako na saa zako. Siku usipoitikia, anajua kuna tatizo.

Maswali ya halaqa

1. Chumbani kwenu ni moto gani unaobaki ukiwaka mnapolala: sigiri, mshumaa, jiko la mafuta ya taa? Sababu ya katazo la Mtume (s.a.w.) ipo ndani yake?
2. Mnamjua kwa jina jirani wa ukuta mmoja? Mkiwa hatarini usiku, atajuaje?
3. Ni chombo gani cha watu kilichoko kwenu sasa hivi, na kitarudi lini, katika hali gani?

Usiku wa leo, kabla ya kulala, toka uitazame sigiri yako. Kama iko ndani, itoe. Kama ina kaa hata moja jekundu, lizime, na unuie kwa kufanya hivyo kumfuata Mtume wako. Ni ibada ya dakika moja.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) atujaalie elimu inayotufaa, atulinde katika usingizi wetu, na amlipe kheri Nalongo kwa mchi wake. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq.